Msitushukuru Kwanza

Lituhi,
9 Januari 1995

Dada Kunigunda,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya mwaka mpya ingawa umeshaanza kuchakaa. Huku ziwani tu wazima. Mvua imetubana, barabara imekuwa uji, na pakiti ya *Kete*, toleo la kumi na tisa, imefika ikiwa imekaliwa na gunia la mahindi njia nzima. Hata hivyo inasomeka. Nilipoifungua pale mwaloni, Alex alininyang'anya nakala ya kwanza, akachuchumaa na ukurasa wa nyuma, akaanza kupanga kete kwenye bao lake kufuata fumbo la Mzee Othmar. Samaki wake walimsubiri kwenye mtumbwi. Mimi ni afisa uvuvi, ilinipasa kumkemea, lakini nilichuchumaa naye.

Nataka nikwambie jambo ambalo sijawahi kulisema vizuri. Nilipohamishiwa hapa kutoka Bukoba sikuwa na mtu. Hawa wavuvi walinifundisha bao lao, wakanicheka mwaka mzima, halafu wakanichagua mwenyekiti wa chama kwa sababu, walisema, mtu anayefungwa na kila mmoja hawezi kupendelea upande. Sawa. Lakini chama chenyewe kinaishi kwa sababu ya *Kete*. Bila hilo jarida, mtu wa Lundo angecheza kwenye kibaraza chake na mtu wa Mbinga kwenye chake, wala wasingejuana. Na jarida ni ninyi watatu: wewe unayepiga chapa stensili jioni baada ya kazi ya Ushirika, Pankras anayezungusha mkono wa mashine ya kurudufu ya parokia, na Mzee Othmar na mafumbo yake. Hakuna anayewapa hata chumvi.

Nimeambatanisha ripoti ya mashindano ya Lundo, alikoshinda tena Mzee Nicholaus. Kamati inaandaa jambo kwa ajili yenu siku ya mkutano wa Pasaka. Usiniulize ni nini.

Shemeji amerudi kutoka Tunduru, au bado anatafuta mawe ya vito?

Kaka yako,
Aloyce Rwezaura


Mbinga,
30 Januari 1995

Bwana Mwenyekiti,

Milele amina. Barua yako imechelewa kwa sababu ilipitia ofisini. Kuanzia sasa niandikie kwa sanduku la parokia, Pankras atanipa. Ofisini siku hizi barua zinapotea. Wanunuzi binafsi wa kahawa wanaingia na kutoka na mizani zao, hakuna anayejua nani anakaa meza ipi.

Ripoti yako nimeisoma kwa shida. Mwandiko wako ni kama kuku alikanyaga wino akakimbizwa. Halafu unaandika kwamba Mzee Nicholaus ameila nyumba ya Alex yote, na mistari miwili mbele Alex huyohuyo anatoa kete kwenye nyumba hiyohiyo. Ziliota? Nilimsomea Mzee Othmar, akacheka mpaka akakohoa. Tumeirekebisha. Usituletee tena mambo ya aibu, watu wa Lundo wanasoma kila neno.

Toleo la ishirini litachelewa kidogo. Mashine ya kupiga chapa niliyoizoea haipatikani, kwa hiyo natumia ya masista wa shule ya ufundi, wakati wanafunzi wako mezani wanakula. Nagonga haraka, wakimaliza ugali na mimi nimemaliza ukurasa. Mashimo ya fumbo nachora nyumbani kwa ile kalamu ya chuma.

Shemeji yako bado yuko Tunduru. Ameandika kwamba jiwe liko karibu. Limekuwa karibu tangu Agosti. Mimi nimeamua mwaka huu nilime ule upande wa mlima tulioupumzisha, nichimbe ngolo, haya mashimo yetu ya mlimani, nipande maharage. Kwa hiyo ukiona alama ya udongo kwenye jarida usishangae.

Toleo litatoka. Hilo usilitilie shaka.

Kunigunda Ndunguru


CHAMA CHA BAO MBINGA NA MWAMBAO

Lituhi,
14 Februari 1995

Bi. Kunigunda Ndunguru,
Mbinga.

YAH: SHUKRANI KWA UTUMISHI WAKO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kamati ya Chama imetambua mchango wako mkubwa katika utayarishaji wa jarida la *Kete* tangu toleo la kwanza. Napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa utumishi wako wa uaminifu katika kipindi chote ulichokuwa nasi.

Imeamuliwa kwamba Jumatatu ya Pasaka iwe siku ya kukushukuru rasmi, wewe na wenzako, hapa Lituhi. Kutakuwa na chakula na pombe. Utakabidhiwa cheti na doti ya kitenge.

Ili kukamilisha taratibu, unaombwa kuwasilisha mhuri wa Chama mapema iwezekanavyo.

Tunakutakia kila la heri katika shughuli zako za kilimo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Aloyce Rwezaura,
Mwenyekiti.

Nakala: Ndg. Pankras, Mzee Othmar.


Mbinga,
27 Februari 1995

Bwana Mwenyekiti,

Barua yako ya tarehe 14 nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena.

Mhuri huu hapa. Nimeuviringisha kwenye kitambaa na kuutia ndani ya mfuko huu wa maharage ili usivunjike. Stensili zilizobaki na kalamu ya chuma sijaleta, mniwie radhi. Nitazileta toleo la ishirini likishatoka. Nimeshafika ukurasa wa sita, na huku kwetu mtu haondoki shambani akaacha shimo nusu. Kama kamati imepata mpiga chapa mwingine, aanze na la ishirini na moja. Hili ni langu na nitalimaliza. Pankras amepata nakala ya barua, amekasirika, ameacha kufika parokiani siku ya kazi yetu. Basi nitazungusha mashine mwenyewe. Mkono ninao.

Pasaka sitakuja. Sidharau heshima mliyoniandalia, ila pombe hiyo haitapita kooni.

Naomba kitu kimoja tu, kama dada kwa kaka. Kama kuna mahali nilikosea, ungeniambia kwa maneno yako, hayo unayonitania nayo siku zote. Imeniuma zaidi kwa kuwa imeandikwa vizuri.

Kunigunda Ndunguru


Lituhi,
6 Machi 1995

Mzee Othmar,

Shikamoo. Natumaini kiuno kimepata nafuu.

Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa. Tuliazimia huku tuwashukuru ninyi mnaotengeneza *Kete*. Wavuvi walichanga, mke wangu akachagua kitenge, kizuri kweli. Mimi nikakaa nikaandika barua ya heshima, siyo hizi zangu za mzaha. Mhuri niliuomba ili tugonge vyeti. Cheti bila mhuri ni karatasi tu, Mzee.

Nimerudishiwa mhuri umezikwa kwenye maharage kama yai, pamoja na maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi na bado siyaelewi. Dada Kunigunda anaandika kama mtu aliyefukuzwa. Nani amemfukuza? Pankras naye amegoma, na kosa lake nalo silijui.

Wewe uko karibu naye. Niambie nimefanya nini, nirekebishe kabla ya Pasaka. Nikimpoteza Kunigunda nimepoteza *Kete*, na *Kete* ikifa chama kimekufa.

Mwanao,
Aloyce


Mbinga,
11 Machi 1995

Bwana Aloyce,

Marahaba. Kiuno bado kibaya.

Nakala ya barua yako na mimi nilipata. Niliwashia moto. Siyo kwa hasira, kuni zilikuwa mbichi.

Kunigunda ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo nitasema ambalo yeye hataki kulisema. Mwezi wa kwanza, kule Ushirika alikokuwa akifanya kazi, walipunguza watu. Tangu hawa wanunuzi binafsi waje kuchukua kahawa mlangoni, kazi ya ofisi imekauka. Naye alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Ile mashine ya kupiga chapa aliyokuambia haipatikani ilibaki ofisini, yeye akatoka. Barua waliyompa ninaijua kwa moyo kwa sababu alinisomea: "Napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa utumishi wako wa uaminifu." Mwishoni wakamtakia kila la heri katika shughuli zake za kilimo. Katikati wakamwomba arudishe ufunguo wa kabati. Wewe ukamwomba mhuri. Sasa mtu akipata barua mbili za namna hiyo kabla mahindi hayajakomaa, unataka afikiri nini?

La pili. Wewe ni mtu wa Bukoba, sikulaumu. Huku Umatengo mtu akielemewa na shamba anaita ngokela. Majirani wanakuja na majembe na mafyekeo yao, wanaume wanafyeka na kulaza majani, wanawake wanafukia kwa udongo, mlima unageuka. Mwenye shamba hatoi shukrani asubuhi, wala mchana. Siku nzima ni matani na matusi madogo. Akileta pombe shambani, hapo ndipo amesema: asanteni, kazi imekwisha, nendeni makwenu. Ninyi mmemtangazia mtu pombe wakati jembe lake liko hewani. Pankras hakugoma kwa kiburi. Amefikiri mmemaliza naye.

Unaniuliza urekebishe vipi. Kwanza, usiandike. Ukiandika unaharibu. Deni la ngokela halilipwi kwa cheti. Aliyekulimia nawe unakwenda kumlimia. Upande wa mlima wa Kunigunda majani yamesimama kifuani. Mume yuko Tunduru anachimba mawe ya watu, mimi ndiyo hivi, na maharage hayaingoji Aprili.

Fumbo langu la toleo la ishirini asiliguse mtu. Liko sawa, hata kama mtaona haliko.

Othmar


Mbinga,
27 Machi 1995

Kaka Aloyce,

Leo nimekwenda shambani kukagua kazi mliyoiacha wewe na wavuvi wako juzi Jumamosi. Nianze na lawama, ndiyo haki yangu.

Safu mbili za Alex nimezifumua zote. Ngolo inatakiwa majani yalazwe yakatane mraba, uyafunike udongo unaoutoa katikati, hapo katikati ndipo shimo linapobaki, maji ya mvua yatulie humo yasiuchukue mlima. Yeye amelaza majani yote upande mmoja kama anaanika usipa, dagaa wenu wa ziwani. Mzee Nicholaus mashimo yake ni mazuri, ila amechimba yanayotosha kuzikia mbuzi. Na wewe, bwana afisa, ulishika fyekeo kama kalamu. Mama Hedwiga na wanawake wenzake wa jirani walikaa juu ya jiwe kutazama wanaume wa ziwani wakifukia udongo, kazi ambayo huku ni yetu, na mpaka jana baada ya misa walikuwa bado wanawaigiza.

Sasa nikuambie usilolijua. Nilipowaona mnashuka kwenye lile lori, nilidhani mmekuja kuchukua stensili kwa nguvu. Nilizitia chini ya godoro nikalikalia. Ndiyo maana nilichelewa kutoka kuwaamkia.

Mjomba amekwambia yasiyomhusu, na nimemgombeza. Lakini ni kweli. Nilikuficha kwa kuwa nilijua mnaniheshimu kama mtu wa ofisini. Niliona nikisema nimepunguzwa mtatafuta mtu mwenye meza na mashine yake. Kazi ya ofisi nilipewa na watu na watu wameichukua. *Kete* nilijichukulia mwenyewe, na sikuwa tayari kuiona ikiondoka mwezi huohuo. Barua yako ilipokuja nikajua ndiyo basi.

Mchana ule nilikwenda kwa Mama Hedwiga kukopa ndoo ya pombe, maana siwezi kulimiwa na watu waliotoka mbali hivyo halafu nikawaangalia tu. Nikaipandisha kichwani, nikaitua. Mkaitazama wote. Mzee Nicholaus, ambaye nasikia hajakataa kikombe tangu abatizwe, akasema, "Mama, rudisha hiyo ndoo. Kazi bado." Mkainama mkaendelea. Mnakumbuka nilikwenda nyuma ya migomba nikakaa huko? Nililia, kaka. Siku ya barua ya ofisi sikulia, na siku ya barua yako sikulia. Nililia kwa hiyo ndoo.

Mhuri nimeukuta mezani mlikouacha. Pankras alikuja jana bila kuitwa, tukazungusha toleo la ishirini lote. Nakala zenu anazo dereva wa lori. Ukurasa wa nne una alama ya dole gumba la udongo. Nimeiacha makusudi.

Naomba habari za toleo la ishirini na moja mapema, na mwandiko wa kibinadamu.

Dada yako,
Kunigunda


Lituhi,
19 Juni 1995

Dada Kunigunda,

Toleo la ishirini na moja limefika, safi, bila gunia la mahindi. Mkutano wa Pasaka umeuandika vizuri kuliko tulivyoufanya. Ni kweli tulikunywa soda tu, na ni kweli Alex alilalamika. Kile kitenge mke wangu bado amekitunza. Anasema siku ukiacha *Kete* kwa hiari yako, ukiwa bibi kizee, ndiyo utapewa.

Sasa habari yenyewe. Ijumaa nimepata barua kutoka kwa wakubwa. Serikali inapunguza wafanyakazi, na jina langu limo. Inaanza kama unavyoijua. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta mahali pa kukaa, nikakukumbuka.

Nikwambie na hili ucheke. Ile barua ya Februari niliyokuandikia sikuitunga mwenyewe. Niliona mfano wake mezani kwa mkubwa wangu wilayani, sikuuliza ni ya nini, nikapenda Kiswahili chake nikanakili karibu yote. Ndiyo hiyo niliyoletewa Ijumaa. Wamebadilisha jina tu. Nilikuwa nanakili barua yangu mwenyewe, dada.

Nyumba ya serikali natakiwa niiache mwisho wa Julai. Tutarudi Bukoba, sijui kufanya nini. Miaka hii yote nimehesabu samaki wa watu wengine, na umri wangu siyo wa kuanza. Naona aibu kupita mwaloni, ingawa hakuna aliyesema neno. Alex ananiita afisa kwa sauti kubwa kuliko zamani, na hilo ndilo linaniumiza.

Kwa hiyo naomba kamati ipokee kujiuzulu kwangu uenyekiti. Mhuri tayari uko kwako. Mashindano ya Lundo ni Jumapili ya kwanza ya Julai, mtu mwingine aandike ripoti. Ningeongeza maneno ya kufunga, lakini ulishanifundisha hatari yake.

Kaka yako,
Aloyce


Mbinga,
28 Juni 1995

Kaka Aloyce,

Pole. Siongezi neno juu ya pole, kwa sababu mimi nilipoambiwa maneno mengi yalinichosha. Najua aibu unayoisema. Ni ya uongo, lakini inachukua muda kuiona. Mimi ilinichukua mpaka watu walipochimba mashimo mabaya shambani kwangu.

Barua yako niliisoma mbele ya Pankras na mjomba, jikoni kwangu, maharage yakiiva. Ndiyo hayo ya mlima ule. Hata safu za Alex zimezaa, sijui kwa huruma ya nani. Gunia moja ni la nyumba yako, linakuja na lori hili. Msilipeleke Bukoba, lipikeni hukohuko Lituhi mkiwa mnaamua.

Wavuvi nao wameleta ujumbe kwa dereva. Alex anasema mtumbwi wake una nafasi ya mtu mmoja, na hajali kama mtu huyo amesomea samaki bila kuwavua. Mzee Nicholaus anasema kuna chumba kwa kaka yake hapo Lituhi, kinavuja upande mmoja. Mkiona bora Bukoba, nendeni, kwenu ni kwenu. Huko nako kuna posta. Uliniambia zamani kwamba wazee wa kwenu wana bao lao la namna nyingine. Utatuandikia kurasa mbili, na uchore mashimo yake vizuri, siyo mayai.

Kuhusu kujiuzulu, hakukupokewa. Jina lako nimeshalipiga kwenye stensili ya toleo la ishirini na mbili, "Mwenyekiti: Aloyce Rwezaura," na kufuta kwenye stensili unajua ni kazi. Mjomba anaongeza kwamba chama hakijapata mtu mwingine anayefungwa vizuri kama wewe.

Pankras aliuliza kama tukufanyie sherehe ya kukuaga, na pombe kidogo. Nimemwambia athubutu aone.

Nasikia umesema ripoti ya Lundo aandike mtu mwingine. Hakuna mtu mwingine. Jumapili panda mtumbwi na wenzako, kaa karibu na bao, tazama nyumba ya nani imeliwa na lini. Naingoja kabla ya katikati ya mwezi, ukurasa wa tatu nimeuacha wazi.

Sikushukuru, kaka.

Kunigunda Ndunguru,
Mpiga chapa wa *Kete*